Mwalimu anauliza: kuisema serikali ni uchochezi?

Swali: "Mwanangu wakili, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi. Baada ya kustaafu niliingia sokoni, nauza nafaka, na wenzangu wakanipa kazi ya kusimamia grupu letu la WhatsApp. Majuzi kijana wetu mmoja aliandika hivi: 'Hii serikali inatunyonya damu. Ushuru tunatoa kila siku, choo kimeziba, taa hakuna, mvua ikinyesha tunauzia kwenye tope. Safari hii tusilipe, Jumatatu twende wote ofisini wakatujibu.' Kesho yake kiongozi mmoja wa eneo letu akanipigia simu. Akasema huo ni uchochezi, nimtoe kijana, nifute maneno yake, la sivyo nitaitwa polisi mimi mwenye grupu. Nimefundisha Uraia miaka mingi, na watoto nilikuwa nawaambia Katiba inatupa uhuru wa kusema. Je, niliwadanganya? Na nikiitwa nifanyeje?"

Shikamoo, Mwalimu.

Hukuwadanganya. Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na inaendelea kutaja haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Zamani ibara hiyo ilitanguliza maneno yaliyouweka uhuru huo chini ya sheria za nchi. Marekebisho ya 2005 yakayaondoa. Kwa hiyo uliyowafundisha watoto yamo, tena yameandikwa kwa Kiswahili chepesi kuliko sheria nyingi ninazozisoma kila siku.

Lakini na kiongozi wenu hakuliokota njiani neno hilo "uchochezi". Limo katika sheria, na limeandikwa kwa upana unaotisha. Ndiyo maana jibu langu litakuwa refu, nami naomba unisome ukiwa na nafasi.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya 1976. Kwa jina lake watu hudhani inawahusu waandishi wa habari peke yao. Sivyo. Kifungu cha 53 kinamhusu mtu yeyote atakayetenda jambo, atakayetamka maneno, atakayechapisha, kuuza au kusambaza andiko, ilimradi ana nia ya uchochezi. Muuza nafaka yumo, na kijana wenu yumo. Adhabu, kama Bunge lilivyoipitisha 2016, kwa kosa la kwanza ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 na isiyozidi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili kwa pamoja. Sheria hii iliguswa tena 2023, na jambo jema lililopatikana ni kwamba kashfa iliondolewa kwenye makosa yake ya jinai. Uchochezi ulibaki.

Sasa, nia ya uchochezi ni nini? Kifungu cha 52 kinataja mambo kadhaa. Yapo ambayo hata mimi siyapingi, kama kuwashawishi watu wabadilishe mambo ya nchi kwa njia zisizo halali, au kupandikiza uhasama kati ya kundi moja la watu na jingine. Lakini humo humo imetajwa nia ya kuifanya serikali ichukiwe au idharauliwe, na nia ya kuamsha manung'uniko miongoni mwa wananchi. Hapo pa manung'uniko ndipo ninapotaka usimame kidogo. Mtu akitangaza kwamba choo cha soko kimeziba, wanaokitumia choo hicho watanung'unika. Akisema dawa zimekwisha zahanati, wenye wagonjwa watanung'unika. Kero haisemeki bila kuamsha manung'uniko ya waliopatwa nayo. Sheria ikisomwa hivyo neno kwa neno, kosa la kijana wenu lilikamilika pale alipoitaja kero yenu kwa sauti.

Wapo watakaokuambia hapo ndipo mwisho. Wakikuambia hivyo, waombe wasome kifungu hicho hicho hadi chini. Sheria inasema pia kwamba maneno hayawi ya uchochezi kwa sababu tu yamekusudia kuonyesha kuwa serikali imepotoshwa au imekosea katika hatua fulani, au kuonyesha kasoro zake ili zirekebishwe, au kuwahimiza wananchi wadai mabadiliko kwa njia halali. Katika miaka yangu ya kusimama mahakamani nimeona sehemu hiyo ikisahauliwa mno, hata na sisi mawakili. Ibebe kichwani, Mwalimu, maana ndiyo ngao ya kwanza ya kijana wenu.

Nikupeleke nyuma kidogo, kwa kuwa ulikuwa unafundisha. Kuchochea kwa Kiswahili chetu ni kusukuma kuni ndani ya jiko ili moto uwake. Mpishi anachochea kuni, na kisha pana moto. Neno lenyewe linadai viwili hivyo. Sheria ya uchochezi tuliyoirithi haikuwahi kuudai moto. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza kule India iliingiza kosa hilo kwenye kanuni yake ya adhabu mwaka 1870, na 1922 Mahatma Gandhi akahukumiwa kwa kosa hilo kifungo cha miaka 6. Gandhi alikiri kosa, akaiambia mahakama kwamba upendo kwa serikali hautengenezwi na sheria. Kanuni ile ile ya India ndiyo iliyokuwa ikitumika Tanganyika kuanzia 1920 mpaka 1930, tulipoandikiwa Kanuni ya Adhabu yetu. Yaani Gandhi alipokuwa akisomewa hukumu Ahmedabad, kosa lake lilikuwa kosa pia hapa Arusha na hapo kwenu Moshi.

Na tofauti ya makusudi iliwekwa kati ya Mwingereza wa kwao na mtu wa makoloni. Uingereza kwenyewe majaji walikuwa wamefika mahali pa kusema hakuna uchochezi pasipo kuwashawishi watu wafanye fujo au ghasia. Wallace-Johnson, mwanaharakati kutoka Sierra Leone aliyeandika kwenye gazeti la Accra, alipopeleka rufaa yake London akiomba apimwe kwa kipimo hicho, mahakama ya juu ya dola ile ilimkatalia. Kesi yake ipo katika ripoti za 1940. Walisema sheria ya koloni isomwe ilivyoandikwa, na haikuandikwa kwamba lazima pawe na fujo. Mwalimu, kila nikiisoma kesi hiyo moyo unaniuma, kwa sababu chimbuko la simu uliyopigiwa ni hapo. Mtawaliwa alikatazwa kumfanya mtawala achukiwe, hata kama mtawala anachukiza. Uingereza nayo ilikuja kulifuta kosa hilo kwao mwaka 2009. Sisi bado tunalo.

Niseme jambo moja ambalo husimuliwa vibaya, nawe labda uliwahi kulisikia. Watu husema Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa uchochezi. Mwaka 1958 alishtakiwa Dar es Salaam kwa kashfa ya jinai, kwa yale aliyoyaandika katika Sauti ya TANU, jarida la chama chake, kuhusu wakuu wawili wa wilaya wa kikoloni. Akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6, na faini ikalipwa. Kosa ni jingine, lakini shabaha ilikuwa moja: mtu aliyewasema wenye mamlaka. Baada ya Uhuru tungetarajia vifungu vya aina hii vife pamoja na bendera ile. Badala yake vilihamishiwa kwenye Sheria ya Magazeti ya 1976, kisha kwenye hii ya 2016.

Na sisi wa kaskazini tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, akaieleza dunia waliyotendewa watu wake. Je, hakuifanya serikali ile ichukiwe? Aliifanya ichukiwe sana. Je, hakuamsha manung'uniko? Aliyaamsha, na manung'uniko hayo yakaenea nchi nzima. Leo tunamtaja kwa heshima. Kipimo cha 1951 kingemhesabu mchochezi, na maneno ya kipimo hicho hayako mbali na tuliyonayo sasa.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mji huu wa Arusha umesikiliza kesi za maneno za aina mbili, na ukizisikia zote mbili utajua mstari unapita wapi.

Ya kwanza ilisikilizwa AICC, jumba la mikutano hapa mjini, ilipokuwa Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Nilikuwa mwanafunzi wa sheria. Siku za likizo nilikuwa nikiingia na kukaa kwenye viti vya wasikilizaji nyuma ya kioo, vifaa vya kusikilizia masikioni. Walioshtakiwa ni waanzilishi wawili wa redio RTLM, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, na mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Redio ile ilikuwa ikitaja watu kwa majina na mahali walipo, wakati mapanga yapo barabarani. Desemba 2003 wote watatu walitiwa hatiani. Hayo ni maneno yaliyoua, Mwalimu, na nilitoka pale siku kadhaa nikiwa siwezi kula. Sitakubali kamwe kuambiwa kwamba maneno hayana madhara.

Lakini tazama majaji wa rufaa walivyofanya 2007. Mbele ya maovu makubwa kiasi kile, bado walitenganisha. Walisema maneno ya chuki peke yake si sawa na kuwachochea watu moja kwa moja wafanye mauaji ya kimbari, na kwa matangazo yaliyorushwa kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, yaani kabla mauaji hayajaanza, hawakuridhika kwamba uchochezi wa moja kwa moja ulithibitishwa. Adhabu zikapunguzwa. Wapo walioumizwa na hukumu hiyo, nami nawaelewa. Ninachokionyesha ni uangalifu: waliuliza maneno gani, yalisemwa lini, kwa nani, na yaliwasukuma watu kufanya nini.

Kesi ya pili ilisikilizwa jirani tu, katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walikwenda pale 2017 kuilalamikia hii Sheria ya Huduma za Habari. Hukumu ilitoka tarehe 28 Machi 2019. Majaji waliipima kwa maswali matatu ambayo kila mwananchi anaweza kuyashika: je, sheria inaeleweka kiasi kwamba mtu anajua mapema kilichokatazwa? Je, lengo lake ni halali? Na je, adhabu inalingana na lengo hilo? Vifungu vingi vilianguka, vikiwemo vya 52 na 53 vya uchochezi. Waliona kwamba tafsiri ya uchochezi inategemea hisia zinazoweza kumpata msikilizaji, kiasi kwamba msemaji hawezi kujua mapema kama anavunja sheria. Wakaielekeza Tanzania iirekebishe iendane na Mkataba wa Jumuiya.

Hapo ndipo ulipo mstari, Mwalimu. Pale AICC kilichopimwa ni maneno na damu iliyokuwa ikimwagika. Katika sheria yetu kinachopimwa ni maneno na hasira ya aliyeyasikia. Sheria inayolinda watu wasiuawe naitetea kwa nguvu zangu zote. Sheria inayolinda ofisi isichukiwe inamnyima mwananchi njia ya kuieleza ofisi hiyo kwamba imekosea.

Ipo na mahakama ya tatu hapa mjini, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwenye barabara ya Dodoma. Mwaka 2014 iliamua kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa habari alizoandika kuhusu mwendesha mashtaka. Ilisema kifungo kile kilivunja Mkataba wa Afrika, na kwamba jela kwa sababu ya maneno ibaki kwa mambo mazito ya kipekee, kama kuchochea ghasia, chuki dhidi ya kundi fulani au makosa ya kimataifa. Kwa bahati mbaya Tanzania iliondoa Novemba 2019 tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi kwenda pale mwenyewe, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Mlango wa Mahakama ya Afrika Mashariki bado uko wazi kwa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, lakini una muda mfupi mno: miezi 2 tangu tukio litokee au tangu ulipolijua. Nimeshawahi kuwarudisha watu nyumbani wakilia kwa kuchelewa wiki tatu tu. Usiusahau muda huo.

Huenda unajiuliza: kama mahakama imeshasema hivyo, mbona bado unatishwa? Kwa sababu mahakama ya kikanda inaielekeza nchi; haiingii kwenye vitabu vya sheria ikafuta yenyewe. Mpaka Bunge likifute, kifungu kipo mezani kwa kila mpelelezi. Majirani walikwishafanya kazi hiyo. Wakenya walifuta uchochezi kwenye kanuni yao ya adhabu mwaka 1997, baada ya miaka ambayo mchungaji Lawford Imunde alihukumiwa miaka 6 mwaka 1990 kwa yaliyokutwa kwenye shajara yake ya mezani. Uganda Mahakama ya Katiba ilivitupa vifungu vya uchochezi Agosti 2010, katika kesi ya mwandishi Andrew Mwenda aliyekamatwa 2005 kwa aliyoyasema redioni kuhusu kifo cha John Garang, kiongozi wa Sudan Kusini. Nchi hizo mbili hazikuteketea kwa kukosa vifungu hivyo.

Kwetu, ukitazama mwenendo wa kesi za uchochezi, utaona jambo la kusikitisha: serikali hushindwa mara nyingi, na bado mshtakiwa huwa ameshaadhibiwa. Mwishoni mwa 2011 walishtakiwa Dar es Salaam Samson Mwigamba, aliyekuwa kiongozi wa Chadema hapa Arusha, na mhariri Absalom Kibanda, kwa makala ya Tanzania Daima iliyowahusu askari. Baadaye akaongezwa Theophil Makunga, kwa kuwa kampuni aliyoisimamia ndiyo iliyolichapa gazeti. Waliachiwa huru Januari 2014. Piga hesabu ya miaka miwili ya kwenda na kurudi mahakamani. Mbunge wa Hai wa wakati huo, Freeman Mbowe, na wenzake walitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Machi 2020 katika kesi iliyokuwa na mashtaka ya uchochezi, wakatozwa faini za jumla ya shilingi milioni 350. Juni 2021 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu na kuamuru fedha zirudishwe. Na hapa kwetu Godbless Lema, akiwa mbunge wa Arusha Mjini, alikaa mahabusu katika gereza la Kisongo tangu Novemba 2016 hadi Machi 2017, miezi minne, kwa mashtaka yaliyotokana na maneno ya jukwaani, huku mabishano ya dhamana yakipanda na kushuka mahakamani. Miezi minne hiyo hakuna mahakama iliyokuwa imesema ana hatia.

Hao wana majina na mawakili. Mwananchi wa kawaida huguswa zaidi na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa 2016 faini ya shilingi milioni 7 au kifungo cha miaka 3 kwa maneno aliyoandika mtandaoni dhidi ya Rais. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinahusu taarifa za uongo, na kiwango chake cha chini ni faini ya milioni 5 au kifungo cha miaka 3. Lakini kinadai mtu awe amejua kwamba anachokisema ni uongo, na awe na nia ovu. Ndiyo maana nawasihi watu wa masoko: choo kikiziba, kipigeni picha yenye tarehe. Risiti za ushuru zitunzeni. Mwenye ushahidi wa alichokisema ni vigumu kumwita mwongo.

Turudi kwa kijana wenu. Nimeyasoma maneno yake mara kadhaa. "Inatunyonya damu" ni lugha kali, lakini ni lugha ya sokoni ya mtu aliyechoka, na kila Mswahili anajua hakuna aliyefyonzwa. Choo, taa na tope ni kuonyesha kasoro ili zirekebishwe, jambo ambalo kifungu cha 52 chenyewe kinaliruhusu. "Wakatujibu" ni kudai majibu. Hakuna kabila, dini wala mtu aliyelengwa, na hakuna aliyeambiwa ashike jiwe. Kwa maoni yangu ya kitaalamu, huo si uchochezi, na ningesimama mahakamani kusema hivyo bila kutetemeka.

Pana maneno mawili tu yanayonitia wasiwasi. "Tusilipe" ni wito wa kugomea ushuru ambao, kama umewekwa kihalali, mtu akiugomea anaweza kuingizwa kwenye kosa jingine kabisa lisilohusu uchochezi. Mwambie kijana kwa upole, kama ulivyokuwa ukiwaambia wanafunzi, aandike tena: tunalipa, na tunataka kujua tunacholipia. Na "twende wote" ni mkusanyiko. Sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Wakienda wawakilishi watano wenye barua mkononi, hilo ni ujumbe wa kuonana na kiongozi, na mwenye nia mbaya hana pa kushikia.

Kuhusu wewe msimamizi wa grupu: katika jinai kila mtu hubeba mzigo wake. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 22, inamuunganisha na kosa yule aliyelitenda, aliyesaidia au aliyemshawishi mwenzake alitende. Kuwa na uwezo wa kumtoa mtu kwenye grupu si kumsaidia aandike. Hatari yako ingekuja kama ungeyachukua maneno hayo na kuyatuma kwingine, maana kusambaza ni kitendo chako mwenyewe. Kwa hiyo usiyasambaze, hata kwangu. Ukija ofisini nitayasoma kwenye simu yako. Wala usiyafute kwa hofu. Ukifuta, huyo aliyepiga simu atabaki na nakala yake ya mistari aliyoichagua, nawe hutakuwa na mazungumzo yote yanayoonyesha mlikuwa mnalalamikia choo. Siku mtu akiandika kwamba fulani apigwe au kabila fulani lifukuzwe sokoni, siku hiyo hifadhi nakala, kisha mwondoe papo hapo na useme mbele ya wote kwa nini.

Kuitwa polisi kwa simu si kukamatwa, lakini usipuuze. Uliza jina la anayekuita, kituo, na unahitajika kama shahidi au mtuhumiwa. Usiende peke yako. Waambie watoto wako na wakili muda unaoingia pale. Ukiwekwa chini ya ulinzi una haki ya kuelezwa kosa lako, kuwasiliana na wakili na ndugu au rafiki. Muda wa kawaida wa mahojiano ni saa 4, ingawa unaweza kuongezwa. Na ndani ya saa 24 inakupasa upelekwe mahakamani au upewe dhamana. Maelezo ya onyo, yaani maelezo yako yanayoandikwa na polisi, yasome yote kabla ya kusaini, na usione haya kuvaa miwani na kuchukua muda wako. Neno ambalo hukulisema likatwe mbele yako. Wakitaka simu, omba kuona amri ya upekuzi na udai hati ya vitu vilivyochukuliwa yenye saini. Ongea nao kwa adabu yako ya kawaida. Wengi wao walifundishwa na walimu kama wewe, na wapo wapelelezi waungwana ambao, wakishaelezwa vizuri, hulifunga jalada siku hiyo hiyo.

Mwisho, kiongozi aliyekupigia. Sitakushauri umshtaki wala umjibu kwa hasira. Andika tarehe na saa ya simu yake na maneno aliyoyatumia, ungali unayakumbuka. Halafu iandikieni halmashauri barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 30 za kujibu. Ulizeni mambo machache tu: ushuru wa soko lenu ulikusanywa kiasi gani mwaka wa fedha uliopita, kiasi gani kilirudi sokoni, na ukarabati wa choo umepangwa lini. Msaini viongozi wa soko wote, kijana wenu akiwemo. Toeni nakala mbili. Moja waichukue, ya pili waigonge muhuri wa kupokelewa mbele yenu, na hiyo ukae nayo wewe, Mwalimu. Siku ya thelathini ikipita bila jibu, panda basi asubuhi uje nayo Arusha.